Kiwanja cha Chanika au siku nne za Port Antonio?

Wiki hii naomba uniazime sikio, maana nina kesi na wakubwa wa nyumbani na hakimu nimekuchagua wewe.

Kesi yenyewe hii hapa. Mwaka wa tatu huu nadunduliza hela ya kiwanja kule Chanika. Si kiwanja cha kutisha watu, hatua ishirini kwa ishirini tu, na nusu ya bei nimeshalipa. Sasa mwezi uliopita dada yangu, yule muuguzi wa Birmingham, kanipigia simu usiku wa manane. "Mdogo wangu, Aprili tunakwenda Jamaica kwao shemeji yako. Bibi yake anatimiza miaka tisini na anataka kuwaona watu wa upande wetu. Tumekodi nyumba siku nne. Nusu ya tiketi nakulipia, nusu jitegemee." Akakata. Nikabaki nimekaa kitandani natazama ukuta.

Dada hatujaonana ana kwa ana tangu 2015. Wanawe wawili nawajua kwa picha tu, mimi ni mjomba wa kwenye simu. Kila mwaka ni "mwakani tunakuja Bongo", na kila mwaka tiketi za watu wanne zinamshinda. Sasa imepatikana nafasi, ila nafasi yenyewe iko ng'ambo ya bahari mbili.

Baba mdogo aliposikia aliweka kikombe chini. "Kijana mzima unaacha ardhi unakwenda kuogelea? Bahari si ipo Kigamboni?" Mama hakusema neno. Na mama yangu akinyamaza, ujue kuna kitu.

Basi mimi nikafanya kile ninachoweza. Nikakusanya ramani, nikamsumbua shemeji kwa maswali, nikasoma kila kilichopatikana. Nikasema kama nitaacha kuulipia udongo, niujue angalau huo mchanga ninaoukimbilia.

Kwanza kabisa, hatuendi Montego Bay. Kila mshikaji nikimwambia Jamaica anataja Montego Bay au anaanza kutikisa kichwa kama ana rasta. Sisi tunakwenda Port Antonio, mji mdogo wa mkoa wa Portland, kona ya kaskazini mashariki ya kisiwa. Mdogo kweli. Wakazi wake wote ukiwapeleka Uwanja wa Mkapa, viti vingi vinabaki vitupu. Umekaa kwenye bandari mbili, ya mashariki na ya magharibi, katikati yake inachomoza rasi ya Titchfield kama ulimi, na mbele ya ulimi kuna kisiwa kidogo kinaitwa Navy Island. Mahoteli makubwa yale ya kufungiwa mkononi kikuku cha plastiki ule na unywe mpaka uchoke yako upande wa pili wa nchi. Hapa ni nyumba za wageni na gesti. Gesti za heshima lakini, usinielewe vibaya!

Halafu mji wenyewe una historia ya ndizi, na hapo ndipo nilipoanza kuupenda. Miaka ya 1870 nahodha mmoja Mmarekani, Lorenzo Dow Baker, alianza kubeba ndizi toka pande hizi na kuzipeleka Boston. Zikauzika kinoma. Mwaka 1885 ikazaliwa Boston Fruit Company, na mwaka 1899 ikaungana na wenzake kuwa United Fruit, kampuni lililokuja kuzinyanyasa serikali nzima za Amerika ya Kati. Meli za ndizi zilipokwenda na mizigo zilirudi na abiria Wazungu wanaokimbia baridi, ndivyo utalii wa Jamaica ulivyopata mwanya wake hapa. Ule wimbo wa Harry Belafonte wa 1956 wa wapakia ndizi wanaosubiri kupambazuke wakahesabiwe mikungu yao ni wimbo wa makuli wa Jamaica, wa bandari kama hii. Na Belafonte ndiye yuleyule aliyetoa "Malaika" pamoja na Miriam Makeba mwaka 1965. Nilipomwambia mama hilo ndipo alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Kumbe," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe, na hapa nusura niumie.

Hakuna ndege ya moja kwa moja toka Dar. Nikaingia ofisi moja ya tiketi hapa mjini, siitaji jina, kijana akanipigia hesabu tamu ajabu ya kupitia Miami. Nikamuuliza, na visa ya Marekani? Akacheka. "Wewe si unapita tu, broo, hutoki nje ya eapoti." Nikamwamini! Nilikuwa nimeshatoa noti za kuanzia, dada akapiga simu kwa bahati tu akauliza napita wapi. Alipiga ukelele nikasogeza simu sikioni. Msomaji, shika hili: Marekani hata ukibadilisha ndege tu, dakika arobaini, hujakanyaga barabara, kwa pasipoti yetu lazima uwe na visa. Bila hiyo hata Dar huondoki. Hela yangu ilirudi baada ya wiki mbili na longolongo nyingi, na imerudi pungufu.

Kwa hiyo njia ni mbili zilizobaki. Dada na familia wataruka London hadi Kingston moja kwa moja, na mimi naweza kuungana nao kule, ila Uingereza nayo ina masharti yake ya wanaopita. Nyingine ni ya kuzunguka: Dar hadi Istanbul, Istanbul hadi Panama City, Panama hadi Kingston. Ndefu kama deni, lakini Marekani haiguswi. Kabla ya kulipa shilingi, uliza ubalozi wa kila nchi ambayo ndege itatua, usimuulize muuza tiketi. Na kadi ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, Jamaica wanaiulizia kwa wanaotoka kwenye nchi zenye ugonjwa huo na sitaki mabishano na afisa saa nane za usiku.

Ukitua, tua Kingston na si Montego Bay. Kwa ramani ya haraka utaona kote ni Jamaica, lakini toka Montego Bay unamaliza nusu siku barabarani. Toka Kingston ni kama kilometa 100. Ila usipige hesabu ya Dar hadi Chalinze! Barabara inayokata milimani inafuata bonde la mto Wag Water, inapita bustani ya Castleton iliyoanzishwa 1862, kona juu ya kona, halafu inashuka baharini Annotto Bay na kufuata pwani. Shemeji anasema jipe saa tatu. Mabasi yao madogo ni Toyota Coaster, zilezile za Mbagala, na yanaendeshwa kwa moyo uleule. Magari yanapita kushoto kama kwetu. Teksi halali ina namba nyekundu, isiyo na namba nyekundu iache ipite hata kama dereva ana tabasamu.

Hela nayo ina mtego. Wana dola yao, na dola 1 ya Marekani inapata zaidi ya dola 150 za Jamaica. Sasa mtu akikwambia "dola ishirini" kwa nazi moja, usizimie, na usikimbilie kutoa ya kijani. Uliza dola ipi.

Kwa nini Aprili? Kwa sababu msimu wa vimbunga unaanza rasmi Juni 1 na kwisha Novemba 30. Si mambo ya kitabuni hayo. Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kiliingia nchini kwa daraja la tano, lile la juu kabisa, kikapiga upande wa kusini magharibi. Port Antonio iko pembe ya pili ya kisiwa, lakini ukweli unabaki kwamba mwenye likizo ya siku nne hana siku ya kumpa kimbunga. Mvua ya kawaida utaipata tu, hata Aprili. Pepo za kaskazini mashariki zinatoka baharini na kugonga milima ya Blue na John Crow, mvua inamwagika Portland. Kilele cha Blue kina mita 2,256, chini kidogo ya Uluguru wetu, na kazi yake ni ileile Uluguru inayowafanyia watu wa Morogoro. Ndiyo maana kila kitu kule ni kijani. Beba kizibao cha mvua.

Mambo mengine ya begi nayataja harakaharaka. Umeme wao ni volti 110 na plagi za miguu bapa, mashine yako ya kunyolea ya Kariakoo itakuwa inanong'ona tu. Nguo za mabaka ya jeshi ni marufuku kwa raia, kwa hiyo wale wa kombati muache nyumbani hizo pamba. Na kuhusu yale majani mnayoyafikiria: sheria ililegezwa 2015, ukikutwa na kiasi kidogo ni faini, lakini kutoka nayo nje ya nchi ni jela, na Dar hapa unaijua mwenyewe.

Nimefika sasa kwenye siku zenyewe. Dada anataka kila kitu, shemeji hataki kitu ila kulala, mimi ndiye nimepewa kalamu.

Siku ya kwanza nimeiacha ya bibi. Tutafika tumechoka, na huwezi kwenda nyumbani kwa mtu wa miaka tisini ukamwangalia kwa dakika kumi kisha ukaomba ruhusa uende ufukweni. Dada alianza kubisha, nikamkumbusha tulivyolelewa, akacheka. Jioni labda tutembee Titchfield, kwenye nyumba za mbao za zamani, na shule ya Titchfield iliyoanza 1786 na kukalia ngome ya zamani ya Waingereza. Mizinga bado ipo hapo, wanafunzi wanapita pembeni yake na vitabu kwapani.

Siku ya pili ni ya chelezo. Mto Rio Grande unashuka toka milimani, na zamani wakulima waliteremsha ndizi kwa vyelezo vya mianzi hadi pwani. Mwaka 1946 akatokea Errol Flynn, mcheza sinema wa Hollywood aliyekuwa na vituko vingi kuliko sinema zake, akaja na mashua yake, akaupenda mji, akanunua Navy Island. Yeye ndiye aliyeufanya ule usafiri wa ndizi kuwa starehe. Leo unakaa kwenye kiti cha watu wawili nyuma, mtu mmoja anasimama mbele na upondo, mnateleza saa mbili na nusu hivi hadi karibu na bahari. Hakuna injini. Flynn alikufa 1959, lakini mkewe, Patrice Wymore, alibaki Portland akifuga ng'ombe, na alikufa 2014. Mimi huyo mama ndiye aliyenivutia zaidi ya mumewe, ila hakuna aliyeita bandari kwa jina lake.

Tukirudi tupite Folly. Ni jumba la kifahari lililojengwa 1905 na tajiri Mmarekani, Alfred Mitchell, leo limebaki nguzo na kuta. Wenyeji wanasimulia kwamba zege lilichanganywa kwa maji ya bahari, nondo zikaliwa na kutu, dari likaanguka. Baba mdogo ni fundi mwashi. Nilipomsomea hilo alisahau kwamba amekasirika. "Maji ya chumvi! Na mchanga wa pwani bila shaka!" Akatoa mhadhara wa nusu saa. Nadhani nilimpata kidogo pale.

Siku ya tatu ndiyo tuliyogombania. Dada alitaka Blue Lagoon: maji yenye kina cha zaidi ya mita 50, chemchemi baridi toka chini na bahari ya uvuguvugu juu, rangi inabadilika kila jua linavyosogea. Karibu na hapo, San San, ndiko ilikopigwa ile nyumba ya James Bond ya ufukweni kwenye "No Time to Die", filamu iliyotoka 2021. Sawa, tutakwenda. Lakini kuogelea nilisema tukaogelee Winnifred.

Winnifred ni ufukwe wa Fairy Hill, mashariki ya mji, na una kisa. Jamaica sheria yao ya fukwe ya 1956 haimpi mwananchi haki ya jumla ya kuoga baharini. Umesoma vizuri. Kisiwa kizima, na mtoto wa kisiwa anaweza kulipishwa kiingilio au kukuta ukuta. Winnifred ulikuwa wa bure tangu zama za mabibi, na ulipotaka kuingizwa kwenye mipango ya uendelezaji, wenyeji, akina mama wauza samaki na vijana wa pale, walikataa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2014 hukumu ikasema umma una haki ya kuutumia. Wewe uliyekulia Dar ukienda Coco Beach kwa miguu kula mihogo siku ya Idi, huhitaji nikueleze zaidi. Nilimwambia dada, kama nitalipa hela ya kiwanja kwenda kuoga, nikaogee hapo.

Chakula je? Ee bwana, hapa nilishangaa. Kalaluu yao ni mchicha. Mchicha wetu huuhuu! Wali wao wa Jumapili unapikwa na maharage na tui la nazi. Muhogo wanauchekecha wakatengeneza chapati nene inaitwa bami. Na shelisheli, lile linalookwa Zanzibar na Tanga, lipo kila uani, linachomwa juu ya mkaa mpaka gamba jeusi. Lilifikaje? Kapteni Bligh wa jeshi la majini la Uingereza alilipeleka mwaka 1793 toka Tahiti, ili watumwa wa mashamba ya miwa walishwe kwa gharama ndogo. Mama alikaa kimya tena niliposoma hapo.

Chakula chao cha taifa ni eki na samaki wa chumvi, mkavu kama ng'onda wetu. Eki ni tunda la Afrika Magharibi, likiiva linapasuka lenyewe. Lisipopasuka lenyewe usiliguse, ni sumu ya kuua, si hadithi. Na siku ya nne mchana tunakwenda Boston Bay kula nyama ya jeki, nguruwe au kuku, iliyopakwa pilipili za ukoo wa mbuzi zetu na pimento, punje inayonukia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja, kisha kuchomwa taratibu juu ya kuni za mti huohuo wa pimento. Mimi wa kuku.

Lakini asubuhi ya siku ya nne, kabla ya nyama, nimeandika Moore Town, na hapo hakuna wa kunibadilisha. Ni kijiji cha juu, kwenye bonde la Rio Grande, cha Wamaroon. Hao ni kizazi cha watumwa waliotoroka wakaingia porini, wakapigana na Waingereza miaka na miaka mpaka mwaka 1739 Waingereza wenyewe wakaomba mkataba. Kiongozi wa upande huu wa mashariki alikuwa mwanamke, Nanny. Kaburi lake lipo hapo kijijini, na sura yake ipo kwenye noti ya 500. Waliitana milimani kwa pembe ya ng'ombe, abeng, baragumu hasa. Urithi wao UNESCO iliutambua 2003. Bibi yake shemeji, upande wa mama yake, ametokea huko. Kwa hiyo watoto wa dada yangu nao wametokea huko, na wametokea Mwananyamala. Nataka nisimame nao pale, mmoja huku na mmoja huku, wajue mjomba wao ana miguu.

Hii sentensi ya mwisho nilimsomea mama juzi usiku. Alinyanyuka akaenda chumbani. Nikasema haya, nimeharibu. Akarudi na doti ya kanga mpya, bado ina gundi ya dukani, akaiweka juu ya madaftari yangu. "Hii ya yule bibi. Umfunge mwenyewe, usimpe mkononi. Umwambie mimi miguu ndiyo inayonizuia." Kisha akamgeukia baba mdogo, "Na wewe shemeji, nenda kaongee na mwenye kiwanja."

Baba mdogo kaenda kweli. Mwenye kiwanja anasema anaweza kusubiri malipo hadi Julai, au anirudishie nusu na kumpa mteja mwingine aliye na hela mkononi. Ameomba hadi Jumamosi afikirie. Dada naye anasubiri jibu langu, na wao wako saa nyingi nyuma yetu wakifika huko. Saa tatu yetu ya usiku ni saa saba mchana Port Antonio, nimeshaanza kuihesabu hiyo bila kutaka.

Kanga ipo sandukuni. Jumamosi nitakwenda Chanika mwenyewe, na wiki ijayo hapahapa nitakuhabarisha alivyonijibu.